Mkono Usiotetemeka

Pale karakana ya sare hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mkasi, na wala si kwa sababu ya ulimi, ingawa wifi yake alikuwa na maoni mengine juu ya hilo. Aliitwa Mkasi kwa sababu kwa miaka ishirini na sita kila koti, kila shati na kila sketi iliyotoka mlango ule ilipita kwanza mkononi mwake. Washonaji walikuwa kumi na mmoja, wakija na kuondoka. Mkataji alikuwa mmoja. Mshonaji akikosea, anafumua. Mkataji akikosea, kitambaa hakina masikio ya kusikia samahani.

Kazi yenyewe ni hivi. Jora la kitambaa linatandazwa juu ya meza ndefu, tabaka juu ya tabaka, hata sitini, zinabanwa pembeni zisiteleze. Juu yake zinapangwa pateni za karatasi ngumu zenye umbo la kila kipande cha nguo, zinazungushiwa chaki, halafu kisu cha umeme kinapita. Kisu hicho kimesimama wima, kinapanda na kushuka kwa kasi mpaka unadhani kimetulia. Mkono wa kulia unakisukuma, wa kushoto unatuliza kitambaa, pembeni kidogo tu ya njia yake. Mwenye mkono wa kutetemeka hapo hana kazi, na siku mbaya hana vidole.

Mkasi hakuwa na mkono wa kutetemeka. Hilo ndilo lililokuwa jivuno lake, na ndilo lililotaka kumuua.

Alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu ana miaka thelathini na miwili, ule wa kujidunga sindano kila siku. Mama yake naye alikuwa na sukari, ila mama yake hakuihesabu kuwa ugonjwa. Alikunywa chai ambayo kijiko kikisimamishwa ndani kinasimama, akasema damu tamu ni baraka. Ikaja ikamla kidole cha mguu, kisha mguu chini ya goti, kisha juu ya goti, kisha wakamzika. Mkasi ndiye aliyeuosha ule mguu kabla haujakatwa, na harufu yake aliibeba puani miaka yote. Siku ya msiba jirani mmoja alitikisa kichwa akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," kisha akanyoosha kikombe aongezwe chai. Mkasi ndiye aliyeshika birika. Mungu peke yake anajua lile birika liliepuka vipi kumwagika pasipostahili.

Tangu siku hiyo alikula kiapo kwamba sukari yake haitapanda. Wenzake kliniki walikuwa wakiogopa kupanda na kushuka. Yeye kushuka hakukuogopa hata kidogo, kushuka aliona ni uungwana. Kipimo kikisoma nne, anatabasamu. Kikisoma chini ya hapo, anamtafuta wifi yake amwonyeshe, kama mtoto aliyetoka shule na alama nzuri.

"Tatu na nusu, wifi. Nani kama mimi?"

"Ukifika sifuri tukuandalie sherehe," wifi yake anajibu, bila kuinua macho kwenye kifungo anachoshona.

Huyo wifi alikuwa dada wa marehemu mumewe, mjane kama yeye, mshona vifungo palepale karakana. Walikaa pamoja vyumba viwili na jiko moja na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulikuwa na kesi kila asubuhi. Watu walitegemea kwamba wanawake wawili wa namna hiyo, mtu na wifi yake, watatoana macho ndani ya mwezi. Mwaka wa tisa sasa walikuwa wanazozana toka alfajiri mpaka kulala, na hakuna aliyeweza kula mwenzake hajafika.

Zamani, miaka ya mwanzo, sukari ya Mkasi ikishuka mwili ulipiga kelele. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda kama mtu anayefukuzwa, njaa inamshika kama katoka jela. Mtu mwingine angekaa, akala kitu kitamu, yakaisha. Lakini Mkasi yuko mbele ya tabaka sitini, saa tano asubuhi, washonaji kumi na mmoja wanangoja. Aanze kutetemeka hapo? Waseme nini? Basi anabana kiuno kwenye ukingo wa meza, anabana viwiko kwenye mbavu, anauma shavu kwa ndani, anakata. Anajiambia, nikimaliza mkono huu wa koti nitakula. Anamaliza mkono, inakuja kola. Anamaliza kola, unakuja mfuko.

Na kweli, mwaka baada ya mwaka, mtetemo ulipungua. Jasho likapungua. Mwisho yote yakakoma, akashusha pumzi kama aliyeshinda kesi.

"Mwili nimeufundisha adabu," alimwambia wifi yake.

Wifi akaanza kuona mambo. Asubuhi moja alimkuta Mkasi jikoni, kashika sufuria tupu, anauambia ukuta usogee apite. Alipoulizwa anaongea na nani, akajibu, "Na nani tena, si wewe." Siku nyingine alitoka kavaa kiatu chake mguu mmoja na cha wifi yake mguu wa pili, na alipoambiwa akakasirika mpaka majirani wakachungulia. Akipewa chai anarudi sawa, na hakumbuki lolote. "Unazeeka vibaya, wifi," mwenzake akasema, akacheka. Kicheko hicho alikuja kukijutia.

Siku yenyewe ilikuwa ya makoti ya shule, kitambaa cha kijivu chenye uso na mgongo: upande mmoja unang'aa, mwingine umefifia. Kitambaa cha namna hiyo kinatandazwa uso juu tabaka zote, na pateni ya kipande cha mbele inachorwa mara mbili: mara ya kwanza kama ilivyo, mara ya pili imegeuzwa. Usipoigeuza hupati kulia na kushoto, unapata kushoto na kushoto. Mwanafunzi wa kukata anafundishwa hilo siku ya kwanza. Mkasi alikuwa amewafundisha wengi.

Wifi alikuja kuchukua vipande vya mbele atie alama za matundu ya vifungo. Akashika kimoja, akashika cha pili, akachambua rundo.

"Wifi. Hivi vyote vya kushoto."

"Vya kushoto na vya kulia."

"Nimesema vyote vya kushoto. Mia na ishirini. Umekatia makoti watu wenye upande mmoja."

Mkasi alivitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. "Vigeuze."

"Nikivigeuza mng'ao unaenda ndani."

"Vigeuze, nimekwambia. Nani mkataji hapa?" Sauti yake ilikuwa nzito, inakokota miguu. Akazigeukia tabaka nyingine, akawasha kisu, akaweka mkono wa kushoto juu ya kitambaa. Haukuwa pembeni ya njia. Ulikuwa juu ya mstari wenyewe.

Wifi yake hakupiga kelele. Alikwenda ukutani akachomoa waya. Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumzimia Mkasi kisu.

Mwenye karakana akatoka ofisini. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, kipara, baba yake aliyeanzisha kazi alikufa zamani, lakini kwa watu wa pale alibaki kuwa Bosi Mdogo, na Mkasi alimjua tangu anavaa kaptura. Sasa Mkasi alimtazama akamwamkia kwa heshima zote kama vile ni marehemu baba yake, akamuuliza kwa nini amenyoa.

Hapo wifi akaelewa. Alichukua kipimo mkobani mwa mwenzake, akamtoboa kidole. Moja nukta tisa. Akachovya kidole chake mwenyewe kwenye sukari ya chai, akakipenyeza ndani ya shavu la Mkasi, na Mkasi akakiuma mpaka damu ikatoka. Wifi hakukitoa. Alipoachiwa, akakoroga maji na sukari, akamshikia kikombe anywe kidogo kidogo, Bosi Mdogo kashika mabega.

Robo saa ilipita. Mkasi akapepesa macho.

"Nani kachomoa waya?"

Akakiona kidole cha wifi yake kimefungwa kipande cha kitambaa cha kijivu.

"Umeumia wapi?"

"Mdomoni."

"Mdomoni mwa nani?"

"Mwako."

Ndipo alipoyaona yale makoti. Alishika kipande, akakiweka. Akashika kingine. Alifika cha ishirini hivi, akaacha. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, na hiyo mikono iliyotulia ndiyo iliyomtisha wifi yake kuliko kile kidole.

Kliniki ya sukari muuguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, penseli imechomekwa nywelani. Alisikiliza yote, kisha akauliza jambo moja. "Kabla ya kuchanganyikiwa, ulitetemeka?"

"Mimi sitetemeki, sista," Mkasi akasema, na hata hapo jivuno lilimtoka.

Muuguzi akaacha kuandika. "Tangu lini?"

"Miaka sita. Saba."

"Mama, nikueleze. Misuli yako ina akiba ya chakula. Ini lina ghala kabisa. Ubongo hauna hata kikapu. Wenyewe ni kilo moja na kidogo, lakini ukiwa umekaa tu, nguvu zote unazotumia mwili ukizigawa mafungu matano, ubongo unachukua fungu moja peke yake. Na chakula chake unakitoa kwenye damu inayopita saa hiyo hiyo. Sukari ikipungua kwenye damu, wa kwanza kulala njaa ni ubongo. Ndiyo maana umejiwekea mlinzi wake mwenyewe. Akiona inashuka, anagonga kila mlango. Kwa ini: toa akiba. Kwa moyo: kimbia. Tumboni: njaa. Mikononi: tetemeka, mwenye nyumba aamke, ale. Sasa wewe mwenye nyumba ulimfanya nini?"

Mkasi alitazama magoti yake.

"Alimfundisha adabu," wifi akajibu kwa niaba yake.

"Basi kashika adabu. Mlinzi ukimpuuza kila siku anazoea. Tatu anaona ndiyo kawaida ya nyumba hii. Mbili na nusu, vilevile. Anasinzia. Akija kushtuka, wewe huna tena akili ya kumsikia."

"Atarudi?"

"Mara nyingi anarudi. Lakini anataka wiki nyingi asishushiwe sukari hata mara moja. Tutapunguza sindano. Chini ya sita sitaki kusikia. Itapanda, tisa, kumi. Utaivumilia."

"Kumi," alisema Mkasi, kama aliyeambiwa apite sokoni bila nguo. "Hiyo ndiyo iliyomla mama yangu."

"Mama yako naamini alikaa na zaidi ya hapo, tena kwa miaka. Mimi nakuomba miezi miwili."

"Na asiporudi?"

Muuguzi akairudisha penseli nywelani. "Wapo ambao kwao harudi, mama. Sikudanganyi."

Bosi Mdogo naye alikuwa na lake. Majora ya mwaka mpya wa shule yangefika baada ya wiki tisa. Mpaka hapo Mkasi angechora chaki, kisu asiguse. Majora yakifika na mwili wake bado uko kimya, atatafuta mkataji mwingine. Aliyasema hayo akitazama sakafu.

"Sikufukuzi, mama. Lakini siwezi kungoja mkono wako ubaki juu ya meza ya mzee."

"Mzee angesema hivyo hivyo," Mkasi akajibu. Na kwa kuwa ilikuwa kweli, iliwauma wote wawili.

Zikaanza wiki ndefu. Mkasi alichora, Bosi Mdogo akakata, na alikata kama mtu anayewakatia mkate wageni asiowapenda. Mkasi alisimama pembeni kashika chaki yake, kila kona aliyoikosea bosi ikimpita yeye mwilini. Kila siku alipima mara sita. Nane. Tisa. Kumi. Hakumwonyesha wifi yake tena. Jioni alikaa kwenye kigoda, anaosha miguu, anachukua kioo kidogo, anakagua katikati ya vidole kimoja kimoja, ananusa kitaulo alichojifutia.

Na mwili kimya. Aliusikiliza kama mtu anayengoja hodi, akiwa kazini, akiwa anatembea, akiwa anakula. Wapi.

Wiki ya tano, asubuhi kabla ya kwenda kazini, kipimo kilisoma kumi na moja. Alivuta dawa kwenye sindano mpaka mstari wa muuguzi, akasita, kisha akavuta tena, mistari minne zaidi. Wifi akaingia kutafuta ufunguo.

"Hiyo ni ngapi?"

"Ni ileile."

"Wifi, mimi natia alama matundu ya vifungo tangu sijaolewa. Mistari naiona."

Mkasi hakuificha, lakini hakuiweka chini. "Mguu unawaka."

"Mguu hauwaki. Kinachowaka ni moyo."

"Wewe hukumwona mama. Hukuuosha ule mguu. Usiniambie kinachowaka."

Wifi alikaa kitandani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake saa hiyo ya kugombania ufunguo. Kovu la kidole lilikuwa bado jekundu.

"Kweli, mama yako sikumwona. Nilimwona kaka yangu. Alitoka mlango huo akiwa mzima, anapiga mluzi, jioni nikaitwa nikamtambue. Moyo ulisimama tu, hakuna mlinzi aliyegonga kwake. Kama angekuwepo wa kugonga, wifi, hata kwa shoka, ningemfungulia." Akainyooshea sindano kidole. "Ukidunga hiyo, ukashuka, unaanza upya wiki ya kwanza. Au huanzi. Mimi nitakwenda kutambua tena? Wewe kila siku unaniambia macho yangu mabovu."

Jirani alikuwa anafagia nje, ufagio ukisikika waziwazi. Mkasi alisukuma mpini wa sindano taratibu, tone moja, tone la pili, mpaka ile mistari minne ikaishia sakafuni. Chumba kikanuka kama wodi. Alijidunga iliyobaki. Kisha akatoa ufunguo mfukoni mwa gauni lake, ambako ulikuwa tangu jana huku akiapa hajauona, akampa mwenzake.

Majora yaliwahi. Yaliletwa wiki ya nane, asubuhi, na Mkasi hakuweza kukaa. Alisimama mlangoni, akapapasa kila jora, akayarudisha mawili yenye doa, mkate wake akaula nusu, nusu akaisahau kwenye kikaratasi. Saa tano alikuwa mezani, anachora vipande vya mbele. Upande wa pili wa meza Bosi Mdogo alikuwa anahangaika na kisu.

Chaki ikaruka.

Aliutazama mstari. Ulikuwa na mkunjo mdogo, kama nywele. Akadhani ni kisu cha bosi kinatikisa meza, kwa sababu kile kikinguruma hutikisa hata vikombe. Akaondoa mkono mezani, akauweka ukutani. Ukuta ulikuwa umetulia. Mkono haukutulia.

Alisimama hivyo, kiganja ukutani, akiutazama kama mgeni aliyepotea miaka mingi. Shingo ikalowa. Moyo ukaanza mbio. Kisha ikaja njaa, ile njaa ya mtoka jela, na aliitambua.

Mazoea nayo yakaja. Kiuno chenyewe kilitafuta ukingo wa meza. Viwiko vikabana mbavu, meno yakakamata shavu pale pale pa siku zote. Washonaji walikuwa wameinama kazini, hakuna aliyemwona. Kilibaki kipande kimoja tu kuchorwa, dakika moja, na hapo angekaa ale, na siri ingekuwa yake.

Alifungua meno. Akainua mkono juu, watu wote wauone, unavyotikisika kama jani.

"Wifi," alisema. "Natetemeka."

Cherehani zikanyamaza, moja, nyingine, mpaka ya mwisho. Bosi Mdogo akazima kisu. Wifi alikuwa amefika kabla sindano aliyoidondosha haijatulia sakafuni, kashika kipimo mkono mmoja na kikombe cha chai ya sukari mkono mwingine. Wakapima.

"Tatu na nusu," wifi akasoma. Ilikuwa namba ile ile ambayo zamani ilikuwa ikionyeshwa kwa maringo, naye akaisoma polepole kama anasoma jina la mtu aliyerudi. Macho yalikuwa yamemjaa. "Haya, shika. Na vidole vyangu viache."

Bosi Mdogo alichomoa waya wa kisu, akauzungusha kwenye mpini, akakisukuma mpaka upande wa meza wa Mkasi.

"Ukimaliza kunywa, ukala, ukapima, ukawa sawa," alisema. "Si kabla. Na kuanzia leo hakiwashwi bila kupima kwanza."

Mkasi akakubali kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa na kazi. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, na bado ukingo wake uligonga meno yake, ki, ki, ki, na kwa ukimya uliokuwemo mle ndani kila mtu alisikia. Aliinywa chai mpaka chini. Hakujaribu kuuzima ule mlio.